Vumbi la Sindano ya Fono

Watu wengine wakinusa lutuku hukumbuka walevi, ugomvi wa majirani, au mjomba fulani aliyelala mtaroni siku ya arusi. Mimi hukumbuka Jumapili baada ya misa. Juzi nilipita nyuma ya soko la Kasongo, kule wanawake wanakopika hiyo pombe kali ya mihogo na mahindi, na mvuke wa tone la kwanza, ule unaochoma pua, ukanikuta na kitunga cha samaki mkononi. Nikasimama katikati ya njia. Dereva wa pikipiki aliyekuwa nyuma yangu akapiga honi akasema, "Mama, barabara hapana kitanda." Nikampisha. Nilikuwa ninalia na sikutaka anione, maana dereva wa pikipiki wa Kasongo akikuona unalia asubuhi, habari hufika Nyangwe kabla ya mchana.

Nyumbani kwetu lutuku haikunywewa. Baba alikuwa mtu wa chai. Chupa yetu ilikuwa ndogo, ya dawa ya kikohozi iliyokwisha, na ilikaa juu ya kabati ambako mkono wa mtoto haufiki. Kazi yake ilikuwa moja tu: kusafisha sindano ya fono.

Fono ndivyo tulivyoiita gramafoni. Yetu ilikuwa kama sanduku la safari, na kifuniko chake ndicho kilichokuwa spika. Baba alikuwa dereva wa lori la pamba, akizunguka kati ya Kasongo na Kabambare katika barabara ambazo hata mbuzi anazilalamikia, na alikuwa ameipata kwa Mgiriki mmoja mwenye duka aliyekuwa akifunga kila kitu aondoke asirudi. Mgiriki alimpa fono, alimpa santuri chache za muziki wa kucheza, akamfundisha namna ya kuitunza sindano. Alimwambia kwamba akiivunja aifunge fono aweke mayai ndani, kwa sababu nyingine hataipata hapa. Baba alipenda kusimulia jambo hilo. Kila aliposema neno mayai alicheka upya kana kwamba hajawahi kulisikia.

Lakini kati ya santuri zote, moja ndiyo iliyokuwa roho ya nyumba. Nilipokuwa ningali mtoto wa mgongoni, padri mmoja alipita na mashine ya kunasa sauti akanasa nyimbo za kwaya ya parokia yetu. Baada ya muda mrefu, watu walipokuwa wameshasahau, zikaletwa santuri chache kutoka Kinshasa, na moja ikafika kwetu kwa kuwa mama yangu alikuwa mwanakwaya. Upande mmoja ulikuwa na wimbo wa kutoa sadaka, uliotungwa na mwalimu wa kwaya. Mwanamke mmoja anaanzisha peke yake, anamwomba Mungu ampokelee kitunga chake kwa kuwa kichwa kimechoka, na wengine wanamwitikia.

Mama yangu alikufa akijifungua mtoto ambaye naye hakukaa. Nilikuwa mdogo sana. Ninachokumbuka ni mgongo wake na harufu ya mawese katika kitenge chake. Uso ninaujua kutoka kwenye picha. Sauti haina picha, na mimi sauti yake nilikuwa nimeisahau kabisa. Hata leo sijui ni siku gani niliisahau, na jambo hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Kwetu, nyumba ikiwa na matanga, muziki hunyamaza. Baba aliifunika fono kwa kitambaa cha mezani, na ikakaa pale sebuleni kama mtu mwingine aliyefiwa. Katika muda huo ndipo alipokuja mama mdogo Feza. Mke akifa, na ukoo wake ukiwa hauna ugomvi na mkwe, hukaa kikao wakamtoa mdogo wa marehemu aje aolewe mahali pake ashike nyumba, ili watoto wasilelewe na mgeni. Basi bibi yangu alimleta Feza kutoka Kabambare, wakiwa wameketi juu ya marobota ya pamba katika lori la baba mwenyewe. Haikuwa mara yake ya kwanza Kasongo. Alipokuwa msichana alikaa kwetu akisoma shule ya masista, kabla hajarudi kwao. Lakini mimi hayo sikuyakumbuka. Niliona mwanamke mwembamba akishuka na kitunga, akapiga magoti mbele yangu katika vumbi, akanishika mashavu.

Kwa desturi nilipaswa kumwita mama, basi, bila nyongeza. Nilimwita mama mdogo. Bibi akanikaripia, "Umuite mama. Huyu sasa ndiye mama."

"Umuache," Feza akasema. "Atasema siku atapenda."

Siku ya kuondoa matanga watu walikula, wakanyolewa nywele, wakaoga. Jioni, wageni wengi walipokwisha kwenda, baba aliondoa kitambaa juu ya fono. Alisema nyumba imelala vya kutosha. Akaweka santuri ya kwaya, akashusha mkono wa fono polepole, tukasikia kwanza ule mkwaruzo mdogo, kisha mwanamke akaanza kuimba.

Sina namna ya kuieleza sauti ile kwa mtu ambaye hakuisikia. Ilikuwa inapanda bila kujilazimisha. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, nywele zangu zimenyolewa. Nilijua kwamba mama yangu aliimba ndani ya ile santuri, kila mtu alikuwa ameniambia. Nikaruka juu.

"Ni mama!" nikasema. "Mama iko ndani!"

Baba alimtazama mama mdogo. Bibi alifungua kinywa, akakifunga. Nilifikiri wameogopa, maana marehemu alikuwa amesema mbele ya watu siku ileile aliyoagwa. Mama mdogo Feza alikuwa ameshika sinia la vikombe. Akaliweka chini, akanivuta nikaegemea goti lake.

"Ee, mutoto yangu," akasema. "Ni mama yako."

Tukasikiliza mpaka mwisho. Kuanzia siku hiyo nikawa na mama, na alikuwa anakaa katika santuri.

Ningekuwa na uwezo, ningeisikiliza kutwa. Baba alikataa. Alisema itapigwa mara moja kila Jumapili baada ya misa, basi, na alipoona ninalia akanieleza sababu, jambo ambalo afadhali asingelifanya. "Sindano inapita mu njia ya sauti," akasema. "Kila mara inakula kidogo. Ikiwa chafu, inakula sana. Siku moja unaweka disiki, unasikia mvua tu." Nilikuwa nimeona namna muhogo unavyopungua kwenye kikwaruzio. Sikulala vizuri kwa muda mrefu. Niliwaza kwamba mama alikufa mara moja, na kama hatutaangalia, atakufa tena kidogo kidogo mbele ya macho yetu, nasi tumekaa kwenye viti tunatingisha vichwa.

Kwa hiyo kusafisha sindano halikuwa jambo la mchezo. Baba alijaribu mwanzoni, lakini mikono yake ilikuwa ya spana, na siku moja alitetemeka akaiangusha sindano juu ya santuri, tukasikia mlio ulionifanya nizibe masikio. Mama mdogo akaichukua brashi mkononi mwake. "Wacha, baba Mariamu," akasema, "mimi ninatoa mawe mu mchele." Kuanzia hapo ikawa kazi yake, na mimi nikawa karani wake wa kumsimamia.

Ninaiona bado. Anazima fono kwanza, anasubiri sahani isimame kabisa. Anaufunga mkono wa fono katika kishikizo chake ili usiteleze. Brashi ilikuwa nywele chache za brashi kuukuu ya baba ya kunyolea ndevu, zimekatwa fupi, zimefungwa kwa uzi kwenye kijiti cha mwanzi. Anaichomeka katika lutuku, tone tu, halafu anaikamua kwenye kitambaa mpaka ibaki na unyevu kama ulimi wa paka. Lutuku yenyewe ilikuwa ya kwanza kutoka kwenye pipa. Aliijaribu kwa kumimina katika kijiko na kuiwasha: ikiungua kwa moto wa bluu mpaka kijiko kikauke, inafaa, yakibaki maji, aliirudisha kwa mwanamke aliyeipika akamwambia ampe mumewe.

"Unapangusa kutoka nyuma kuja mbele," alinifundisha. "Namuna disiki inapita chini yake. Usiende kushoto na kuume, utaivunja shingo."

"Na kidole?"

"Kidole hapana! Kidole iko na mafuta, hata ukinawa. Na usipulize, mate itaruka."

"Lutuku mingi haiwezi kuisafisha zaidi?"

"Mingi itapanda mu mugongo ya sindano, itakula gundi. Uchafu kidogo, dawa kidogo. Kisha unangoja ikauke. Mutu mwenye haraka asishike fono."

Na pale kwenye nywele za brashi ulibaki uvumbi wa kijivu, laini, mdogo kuliko pamba ya sikio. Mtu mwingine angeona vumbi. Mimi niliona kile kilichokwaruzwa. Kama sindano ilikuwa inakula sauti ya mama, basi sauti iliyoliwa ilikuwa lazima iende mahali, na mahali hapo nilikuwa ninapatazama. Mama mdogo alikuwa anataka kuukung'utia mlangoni. Nilipiga kelele.

Nikaleta kiberiti kitupu. Akaniuliza ninataka kufanya nini. Nikamwambia ninaiweka sauti ya mama, ili siku itakapokwisha kwenye santuri tuirudishe. Nilitegemea atacheka, kwa sababu watu wazima wa kwetu hucheka haraka. Hakucheka. Akainama, akaigonga brashi taratibu juu ya kiberiti mpaka uvumbi ukaanguka ndani. Tangu hapo kila Jumapili ndiye aliyekuwa akiniambia, "Leta sanduku yako," kabla mimi sijakumbuka.

Halafu tunasikiliza. Baba kwenye kiti chake, mimi mkekani, mama mdogo amesimama mlangoni na brashi mkononi, nusu ndani, nusu jikoni. Wimbo ukiisha nilisogea karibu na kile kifuniko cha spika, ninaweka kinywa changu pale, ninasema, "Mama, umeimba vizuri." Kila Jumapili. Wakati mwingine nilimweleza habari: jino limetoka, nimeshinda hesabu, mbuzi wa jirani amekula kiatu. Mama mdogo alikaa mlangoni mpaka nimalize, kisha akaenda kugeuza ugali.

Kulikuwa na jambo moja tu lililoniudhi katika santuri ile. Karibu na mwisho, mwanamke anapovuta pumzi kabla ya ubeti wa mwisho, palikuwa na uchafu. Kitu kama paka anayekwama, halafu mlio mdogo mwembamba, kama maji yanayomwagika kwenye makaa. Niliona kinaharibu wimbo wa mama. Nilimwambia mama mdogo aisugue sindano zaidi, na cha ajabu, kadiri alivyoisafisha, ndivyo kile kitu kilivyosikika wazi.

"Pale iache," alinijibu. "Pale hapana uchafu."

"Ni nini basi?"

"Ni kikohozi. Watu wanakohoa mu kanisa." Akafunga chupa ya lutuku.

Yeye mwenyewe hakuimba. Kwetu mwanamke akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, huimba, akifua huimba, hata akigombana huwa na mdundo. Feza alitwanga kimya. Kanisani aliinua kitabu cha nyimbo na midomo yake ilikuwa imefungwa. Jirani mmoja aliyehamia kutoka Kindu alikuwa akimtania, "Mungu alikupa mikono, sauti akakunyima." Mama mdogo alicheka akasema Mungu hawezi kutoa vyote kwa mtu mmoja, wengine watalalamika. Mara kwa mara wanawake wa kwaya walikuja, wakamwita pembeni chini ya ukingo wa bati, nikawa ninasikia, "Feza, urudi. Tunakosa mutu." Akakataa. Nilidhani wanataka awe badala ya mama katika kwaya pia, kama alivyokuwa badala yake jikoni, na yeye anakataa kwa heshima ya dada yake. Nilimpenda kwa hilo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata zote za nyumba ile zilinyamaza.

Siku moja nilirudi mapema kutoka shule, nina homa. Nilikuwa bado nyuma ya migomba niliposikia wimbo wa kitunga. Haikuwa Jumapili. Nikaanza kukimbia, nikaingia sebuleni, nikaikuta fono imefungwa, kitambaa juu yake. Wimbo ulikuwa umekatika. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, pale penye kamba ya nguo, nikamkuta mama mdogo ameshika shuka mbichi, maji yanamchuruzika mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Mama alikuja!" nikamwambia. "Nimemusikia. Alikuwa hapa!"

Akaiacha shuka ikaanguka kwenye udongo, shuka nyeupe. Akanigusa paji la uso. "Iko na moto sana," akasema. Akanibeba ndani. Nilipoamka jioni alikuwa kando yangu, macho yamevimba, na nilifikiri amelia kwa ajili ya homa yangu. Tangu siku hiyo, hata mlio wa puani, ule ambao mtu hufanya bila kujua, sikuusikia kutoka kwake tena.

Miaka ikaenda. Mungu hakumpa mtoto wa tumbo lake. Nikakua, na vita vikaja. Siku ya kukimbia, watu walibeba sufuria, godoro, baiskeli. Baba alichimba shimo katika migomba akaizika fono ndani ya turubai la lori. Mama mdogo alikuwa ameshaichomoa sindano, akaiweka katika kiberiti changu, juu ya uvumbi wa Jumapili zote zile, na santuri akaifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Tulivuka Lualaba kwa mtumbwi pale Nyangwe, na mwanamke mmoja aliyekaa kando yake akamwuliza mtoto ana miezi mingapi. "Huyu ni mukubwa," mama mdogo akamjibu. "Anasema, lakini leo amelala." Mimi na baba tulicheka mpaka mwenye mtumbwi akatukaripia.

Tuliporudi, nyumba haikuwa na mlango wala bati, lakini shimo lilikuwa salama. Baba aliishi kiasi, kisha akafa akatuacha. Mimi niliolewa papa hapa Kasongo, nikaanza kuuza samaki wakavu. Santuri tulizidi kuipiga, sasa kwa Krismasi na Pasaka tu, kwa kuwa betri zilikuwa ghali na kwa kuwa mvua aliyoisema baba ilikuwa imeanza kusikika ndani yake.

Kisha kichwa cha mama mdogo kikaanza kupotea njia. Alimwita mwanangu kwa jina la baba. Aliuliza kama lori limerudi kutoka Kabambare. Nikamhamishia kwangu. Kila asubuhi nilimtoa nje jua lilipopata joto kidogo, ninamwogesha, ninampaka mafuta. Na asubuhi moja nilipokuwa nimeinama ninamsugua miguu, akaanza kuimba.

Wimbo wa kitunga. Sauti ilikuwa imechakaa, imetoboka hapa na pale, pumzi fupi. Lakini mtu hakosei mlango wa nyumba yake hata gizani. Ilipanda pale ilipopandia. Ilingoja pale ilipongojea. Bakuli lilinitoka mkononi, maji yakatapakaa, na nikabaki nimemshika kisigino kama mwendawazimu. Aliimba mpaka pale pa kuvuta pumzi, akasimama, akatega sikio kana kwamba anasubiri kitu, kisha akamalizia ubeti wa mwisho.

Sikuweza kumwuliza siku hiyo. Nilisubiri mpaka asubuhi nyingine, alipoamka na akili zake, akanitambua, akaomba chai.

"Mama mdogo," nikasema, "nani alianzisha wimbo mu disiki?"

Aliiweka chai chini. "Niliimba?"

"Uliimba."

Akafunika kinywa kwa mkono, kama msichana aliyefumaniwa. Kisha akautoa. "Ulikuwa mudogo," akasema. "Ulisimama pale na kichwa chako ya upara, ukasema ni mama. Nani angekuambia hapana? Baba yako alishindwa. Mama yangu alishindwa. Mimi pia nilishindwa."

"Na ukanyamaza maisha muzima?"

"Ningeimba, ungejua. Ungefiwa mara ya pili." Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza kwa nini alifunga dirisha mvua ilipokuja.

"Na mama? Basi mama iko wapi mu ile disiki?"

"Iko na wale wa kuitikia. Sauti yake ilikuwa ya chini, ilikuwa inashika zingine, haikupenda kutoka mbele." Akafikiri. "Lakini pale pa kikohozi. Unakumbuka? Ile ni wewe. Ulikuwa mu mugongo yake, ukataka kulia. Akafanya sss. Padri alikasirika, lakini utepe ulikuwa unakwisha, akaacha vile." Akatabasamu. "Ulinisumbua sana, eti nisafishe pale. Ningesafisha namuna gani? Mulikuwa wawili, hapo tu."

Nilitaka kumwita mama siku ile. Ninaapa nilikuwa na neno mdomoni. Lakini nilikuwa ninalia vibaya, na nilipojifuta uso alikuwa ameshaondoka tena, ananiuliza mimi ni binti wa nani. Hakurudi. Tulimzika kando ya dada yake, na wanawake wa kwaya waliobaki, wazee sasa, waliimba wimbo wa kitunga kaburini. Hakuna aliyethubutu kuanzisha peke yake. Walianza wote pamoja.

Nyumba yangu ilinyamaza muda wote wa matanga, kama desturi inavyotaka. Siku ya kuondoa, watu walipokwisha kula na kutawanyika, jua likiwa bado mlangoni, niliiweka fono mezani. Nikanunua lutuku ya kwanza, nikaiwasha katika kijiko, ikaungua mpaka kikakauka. Sahani ilikuwa imesimama. Nikaufunga mkono wa fono. Tone moja, nikalikamua. Kutoka nyuma kuja mbele, polepole, kidole mbali, pumzi nimeibana. Uvumbi ukatoka kwenye nywele za brashi, nikaugonga ndani ya kiberiti. Nikangoja ikauke, ingawa mikono yangu ilikuwa na haraka.

Mvua ilikuwa kubwa. Ndani yake Feza akaanza kuimba, msichana wa shule, hajui chochote kinachomngojea. Niliwasikiliza waitikiaji kwa masikio yangu yote na sikumpata mama. Zilikuwa sauti zimeshikana. Kisha pakafika pale pa kuvuta pumzi. Mtoto akakwama kidogo, na mtu karibu naye kabisa akasema sss. Ni hicho tu. Hicho ndicho nilichobaki nacho cha mama aliyenizaa: ananinyamazisha, na mimi ninanyamaza.

Wimbo ulipoisha sikuinua sindano mara moja. Nilisogea karibu na kifuniko cha spika, mwanamke mzima na mvi zangu, nikaweka kinywa pale pale pa zamani.

"Mama," nikasema, "umeimba vizuri."

Nikageuka kutazama mlangoni. Jua lilikuwa limeingia mpaka mkekani, na hapakuwa na mtu.